Nimeambiwa ninunue kibatari, tena mbele ya mkwe wangu: huyu bwana wa tochi za shotgani amevuka mpaka

Baba Watatu

Waungwana, salamu zenu. Ninaandika nikiwa bado ndani ya gari, nje ya duka lenyewe, kwa sababu nikisubiri kufika nyumbani hasira itakuwa imepoa, nami sitaki ipoe. Yule bwana simtaji. Hakuna Mswahili wa upande huu wa Houston mwenye bunduki, au mwenye ndoto tu ya kuwa na bunduki, asiyemjua. Ni yule mwenye miwani juu ya paji la uso, ambaye ukimuuliza bei anakujibu kwa hadithi ya nusu saa, na hadithi ikiisha bei imepanda.

Ameniambia ninunue kibatari.

Wiki tatu zilizopita alinifungia tochi kwenye Mossberg 500 yangu, geji 12 (ukubwa wa mtutu), ambayo hukaa chumbani ndani ya sanduku la chuma kwa ajili ya ile siku ambayo namwomba Mungu isifike. Boksi la tochi liliandikwa lumeni 3,000 za mwanga. Nilipoiwasha sebuleni, mke wangu alidhani kumekucha akaanza kupika chai. Nikaenda nayo kwenye uwanja wa shabaha. Risasi ya tatu, tochi ikageuza shingo kushoto kama bi harusi anayeona haya. Risasi ya sita, ikawa inamulika dari. Risasi ya nane ikazimika, ya tisa ikawaka yenyewe, na ya kumi ikaanguka sakafuni, ikabingirika hadi miguuni pa jirani yangu wa mstari wa pili, ambaye aliiokota kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya.

Leo nimeirudisha. Nilikuwa na mkwe wangu mtarajiwa, kijana aliyetoka Minnesota kuja kujitambulisha, na njiani nilikuwa nimemweleza kwa kirefu kwamba mtutu wangu una inchi 18.5, yaani nusu inchi zaidi ya kiwango cha chini kilichowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1934, na kwamba katika nyumba yangu mambo hufanyika kwa utaratibu. Kijana alikuwa ananisikiliza kwa heshima zote. Tukafika kaunta. Nikaeleza tatizo kwa upole, nikamwomba yule bwana anichagulie tochi nyingine inayofaa shotgani ya kulindia nyumba. Akaishika ile tochi, akaitazama. Akanitazama mimi. Akamtazama mkwe wangu. Kisha akasema, kwa sauti ya mnadani, watu saba wakiwa kwenye foleni: "Mzee wangu, kwa matumizi yako, nunua kibatari. Mwizi akikukuta unahangaika na utambi atakuonea huruma, ataondoka mwenyewe."

Kibatari! Kile cha kopo, kile kilichotutia masizi puani tukisoma usiku! Foleni nzima ilicheka. Hata Wamarekani wawili waliokuwa nyuma, ambao hawajui Kiswahili hata neno moja, walicheka kwa kuona wenzao wanacheka. Mkwe wangu aligeukia rafu ya soksi za kuwindia akazisoma kama gazeti, lakini mabega yake niliyaona.

Nawauliza: mtu mzima, mlipa kodi, mwenye karatasi zote, anaambiwa kibatari?

Binti wa Kurasini

Pole sana, Baba Watatu, nimekusoma kwa masikitiko makubwa. Nina swali moja dogo tu. Kijana amesafiri kutoka Minnesota kuja kujitambulisha, mahari haijazungumzwa, nawe matembezi ya kwanza unayompeleka ni duka la bunduki? Huyo bwana wa kaunta amemwokoa kijana wa watu, kwa sababu sasa anajua kwamba hata ukimfukuza usiku hutamwona.

Mlinzi Mstaafu

Baba Watatu, matusi tuyaweke kando kwanza, kwa maana kosa lilianzia kwenye boksi. Hiyo namba 3,000 ni ya kuuzia. Kampuni zinazofuata kipimo kinachoitwa FL1 hupima mwanga kati ya sekunde 30 na dakika mbili baada ya tochi kuwashwa, wakati taa imeanza kupata joto na kupunguza nguvu, ilhali wauzaji wa mitandaoni huandika namba waliyoiota. Isitoshe, lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Ukali wa mwale pale unapoelekea hupimwa kwa kandela. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, utapata idadi ya mita ambazo mwale unafika kabla haujadhoofika ukawa kama mbalamwezi. Tochi ya kandela 10,000 inafika mita 200. Korido yako ina mita ngapi? Sita? Basi usinunue umbali. Nunua tochi yenye mwanga wa kutosha katikati na mwanga mpana pembeni, ili uone uso wa mtu na uone pia mikono yake.

Kuhusu kuanguka, shotgani ya geji 12 ina teke, yaani ukifyatua inarudi nyuma kwa nguvu. Kibano cha bei rahisi kilichofungwa kwenye bomba la magazini, lile la risasi lililo chini ya mtutu, hakiwezi kulihimili, na betri zikirukaruka ndani ya tochi dhaifu ndipo unapoona inazimika na kuwaka yenyewe. Kwa bunduki ya kukoki kwa mkono kama yako, njia safi ni kuondoa mpini wa mbele wote na kuweka ule uliotengenezwa ukiwa na tochi ndani yake. Kampuni ya tochi ya Streamlight wanao unaoitwa TL-Racker, wa lumeni 1,000. SureFire wanao wao, wenye hatua mbili, lumeni 600 na 200. Swichi inakuwa chini ya vidole palepale unapokokia, hakuna waya wala kibano. Toa risasi zote na uhakikishe chemba ni tupu kabla hujagusa skrubu yoyote. Pima pia bomba ambalo mpini unakaa juu yake, kwa maana kwenye Mossberg urefu wake haulingani kwa bunduki zote.

Hili la mwisho nalijua kwa uchungu, kwa sababu bwana yuleyule aliniuzia mpini wa Remington 870, shotgani ya kampuni nyingine, nami ninayo Mossberg. Niliporudi aliniambia kwamba "bunduki zote ni ndugu". Ndugu! Nimeuweka mezani kama chombo cha maua.

Baba Watatu

Mlinzi, nakushukuru kwa somo, lakini naona umelipita jambo lenyewe. Aliniambia kibatari. Wewe hukuambiwa kibatari. Wewe uliambiwa kwamba bunduki zote ni ndugu, kauli ambayo kwa hakika ina upendo ndani yake.

Pilipili Hoho

Nyote mna nafuu. Mimi aliniuzia tochi nzuri ya kufunga kwenye reli, ule ukanda wa bunduki wa kushikia vifaa, halafu akaniambia swichi ya waya ndiyo ya kisasa. Akaibandika kwenye mpini kwa mkanda mweusi wa mafundi umeme. Kila nikikoki, waya unanasa kwenye kidole gumba; nikivuta nyuma, tochi inawaka; nikisukuma mbele, inazimika. Mwizi akija kwangu atadhani kuna disko.

Mama Pacha

Naomba niseme kama mke, maana naona hapa wanaume wanahesabu lumeni kama wanahesabu ng'ombe.

Mume wangu alifungiwa tochi na huyohuyo mnayemsema. Tangu siku hiyo, kitu kikidondoka jikoni anashuka ngazi na bunduki kwenda kumulika. Rimoti ikipotea, anaitafuta kwa tochi ya bunduki! Hebu fikirini kwa dakika moja. Tochi ikishafungwa kwenye mtutu, kila unachokimulika umekielekezea mtutu. Mwanangu mkubwa anafanya kazi ya zamu ya usiku ghalani, anarudi saa tisa alfajiri, anaingia kwa mlango wa gereji akiwa na njaa. Mimi sitaki mwanangu amulikwe kwa kitu kilichojaa marisau. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa darasani ni kutoelekeza mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Mwalimu akatuonyesha kwamba tochi ya bunduki, mtutu ukiwa chini, inamulika sakafu, na mwanga unaoruka kutoka sakafuni na kwenye kuta nyeupe unatosha kuona chumba kizima bila kumlenga mtu. Pia akasema kuwe na tochi ya mkononi kando ya kitanda, na kwamba swichi ya taa ya ukutani ipo na haiuzwi na mtu yeyote.

Nilipomweleza yule bwana haya, alinijibu: "Mama, wewe rudi kwenye mambo ya jikoni." Nimemaliza.

Binti wa Kurasini

Ati "mambo ya jikoni"? Hilo ni kubwa kuliko kibatari.

Baba Watatu

Si kubwa kuliko kibatari. Jikoni ni mahali pa heshima. Kibatari ni kopo. Naomba msinibadilishie uzi. Kulikuwa na watu saba kwenye foleni, nilisema saba, na sasa nikikumbuka vizuri walikuwa tisa.

Mgeni Mpya 1

Shikamoo baba. Nimejiunga leo hii kwa ajili ya uzi huu. Naomba radhi kwa kuchangia bila kukaribishwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mafua, na soksi zile zilikuwa na vumbi. Vilevile, kwa heshima zote, foleni ilikuwa na watu wanne.

Pilipili Hoho

Jamani, mkwe! Posa imekufa hadharani.

Binti wa Kurasini

Mgeni, karibu sana. Ukisikia mlango wa chumba cha wageni unafunguliwa usiku na mwanga unatoka kushoto kuelekea darini, usiogope, huyo ni baba yako anatafuta tochi yake.

Baba Watatu

Marahaba, mwanangu. Tutaongea nyumbani.

Kobe Mpole

Nimechelewa, lakini hakuna aliyegusa betri, na kwangu hilo ndilo dhambi kuu ya huyu bwana. Tochi nyingi za maana zinatumia CR123A, betri fupi nene ya lithiamu yenye volti 3. Ukiiacha kwenye pakiti inakaa miaka kumi, nayo haichukii baridi. Yeye aliniuzia zile za kuchaji zenye umbo lilelile, akisema nitaokoa pesa. Za kuchaji zikijaa hufika volti 4.2. Weka mbili kwenye tochi iliyotengenezwa kwa volti 6, umeipelekea 8.4. Yangu iliwaka vizuri mno kwa sekunde kadhaa, kisha ikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya kanzu. Nilipoirudisha alinusa, akasema, "Huu ni mvuke wa nguvu."

Someni kijitabu cha tochi yako kabla ya kuweka za kuchaji. Zipo zinazozikubali, lakini lazima iwe imeandikwa. Msichanganye pia mpya na kuukuu, wala za kampuni mbili tofauti, kwa sababu dhaifu inalazimishwa na nzima na hapo ndipo lithiamu inapopata joto hadi kulipuka.

Mlinzi Mstaafu

Kobe amesema kweli. Naongeza kwamba tochi ya bunduki ijaribiwe kila mwezi kwa kuwashwa tu, bila risasi, na betri zibadilishwe mara moja kwa mwaka hata kama bado zinawaka. Mimi hubadilisha siku ya kuzaliwa kwangu; kuukuu zinakwenda kwenye tochi ya gari.

Mama Pacha

Bei ya hizo CR123A ikoje sasa? Ukinunua mbili mbili kwenye duka la dawa la kona unalia machozi.

Kobe Mpole

Ndiyo maana ni afadhali kununua boksi zima kwenye mtandao, inashuka sana kwa moja moja. Tukijikusanya watu watano au sita tunaagiza kwa pamoja, halafu tunagawana Jumapili baada ya ibada.

Pilipili Hoho

Mimi nina haja na nne. Na kama kuna mtu mwenye bisibisi ya kufaa skrubu za reli anisaidie, ile yangu imekula vichwa vya skrubu vyote.

Baba Watatu

Ndugu zangu, naomba kukumbusha kwamba uzi huu ni wangu na unahusu kudhalilishwa. Nimefika nyumbani. Mke wangu amenipokea mlangoni kwa kuniuliza kama nimepata mafuta ya taa, kumbe habari zimenitangulia. Kibatari, mbele ya mkwe, mchana kweupe!

Mama Pacha

Kobe, mimi niandikie kumi. Nane za tochi na mbili za kumfungia mume wangu sandukuni.

Mlinzi Mstaafu

Mimi sita. Pilipili, bisibisi ninayo, njoo nayo bunduki ikiwa tupu na ndani ya begi lake, na hizo skrubu usiziguse tena.

Mgeni Mpya 1

Kama inaruhusiwa, nami naomba mbili. Baba amenipa tochi ya mkononi ya kulalia.

Kobe Mpole

Imeruhusiwa, mkwe wetu. Naona orodha inakaribia boksi la pili. Mzee Kibatari, nawe nikuandikie ngapi?

Baba Watatu

Sita. Na jina langu ni Baba Watatu.

Kobe Mpole

Nimeandika: Kibatari, sita.