Ushauri: Mzee kamaliza mionzi ya koo, apasuliwe sasa au tusubiri?

Kijana wa Uyole (mtoa mada): Wakuu salaam. Nipo Mbeya, nina jambo linaninyima usingizi. Baba yangu ana saratani ya koo, pale kwenye sanduku la sauti, na tezi moja imevimba shingoni upande wa kulia. Alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, akachomwa mionzi yote 35 pamoja na dripu za kemo. Sasa yuko nyumbani. Sauti imekauka, anakula uji na ndizi za kuponda tu, na kile kivimbe cha shingoni bado nikimshika nakikuta. Kuna daktari anasema apasuliwe mapema kabla ugonjwa haujasambaa. Wengine wanasema tusubiri. Aliyewahi kupitia hili anisaidie, baada ya mionzi mtu anapasuliwa lini?

Mwana Mafinga: Pole sana mkuu. Bima anayo? Kama ni pesa taslimu anza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe mapema.

Mama Rungwe: Pole mwanangu. Alikuwa anavuta? Na nyie mnaosoma hapa sigara iko mdomoni mnajijua. Koo halina spea. Usimpe pilipili wala chai ya moto. Msagie parachichi na maziwa, huku Tukuyu yamejaa. Na ombeni.

Kijana wa Uyole: Shikamoo mama. Alivuta sana, aliacha walipompa majibu.

Dereva wa Kitonga: Sisi tulimuuguza shemeji yangu, yake ilikuwa ya titi. Mionzi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, huwezi kwenda na kurudi Mbeya, ikabidi tupange chumba Dar. Kodi na chakula vilitumaliza kuliko dawa. Siku ya kurudi tunafika Kitonga, lori limelala katikati ya kona, foleni huku na huku, mgonjwa anatapika kwenye mfuko na maji ya kunywa yameisha. Kuna mama muuza mahindi alitoa kanga yake tukamfunika, sitamsahau. Mkuu, ukisafiri na mzee beba maji mengi.

Sista wa Wodi: Nimefanya kazi wodi ya masikio, pua na koo miaka mingi. Mtoa mada, umeuliza lini, ila hujasema mionzi ya mwisho ilikuwa lini. Baada ya mionzi kinyama kilichukuliwa tena kikapimwa? Na huyo daktari anataka kutoa nini, tezi ya shingoni au sanduku la sauti lenyewe? Hizo ni operesheni mbili tofauti kabisa.

Kijana wa Uyole: Mionzi iliisha muda kidogo. Anataka kusafisha eneo lote.

Sista wa Wodi: Muda kidogo ni wiki ngapi?

Kijana wa Uyole: Hii ni wiki ya tano. Kinyama hakijachukuliwa, daktari alimwingizia kamera akasema pamevimba na panatia shaka. Anatoa sanduku la sauti pamoja na tezi. Ocean Road walisema arudi baada ya miezi mitatu, lakini jamani, nani anakaa na saratani ndani ya nyumba miezi mitatu anaiangalia? Hii ni hospitali binafsi, kitanda kipo, tarehe tumepewa wiki ijayo na kianzio nimelipa. Nimeuza shamba la viazi Isyonje. Sioni nilipokosea. Mzazi anaumwa, pesa nimtunzie nani?

Mwana Mafinga: Kumbe umeshaamua. Sasa sisi unatuuliza nini? Halafu hiyo Isyonje ekari imeenda kwa ngapi?

Sista wa Wodi: Acheni mambo ya ekari kwanza.

Ndugu yangu, mionzi haiishi kazi siku mgonjwa anaposhuka kitandani. Chembe za saratani zinaendelea kufa wiki nyingi baadaye, na nyama zenye afya zilizochomwa nazo zinavimba. Wiki ya tano ukiingiza kamera lazima ukute pamevimba na pamekuwa pekundu. Hata kinyama ukikichukua mapema hivyo kinaweza kukudanganya, na kukwangua gegedu lililotoka kuchomwa ni kutafuta kidonda kisichopona. Ndiyo maana wanasema miezi mitatu. Hawajamsahau.

Uingereza kuna utafiti ulitoka 2016, wagonjwa 564 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa na tezi kubwa shingoni. Nusu walipangiwa kukatwa tezi, nusu wakasubiri wiki 12 ndipo wakapigwa kipimo cha PET, yaani picha inayoonyesha saratani iliyo hai, na aliyeonekana bado ana ugonjwa ndiye akapasuliwa. Kundi la kwanza zilifanyika operesheni 221, la pili 54. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni asilimia 81.5 kwa waliopangiwa kukatwa na 84.9 kwa waliosubiri. Wengi wao saratani ilianzia nyuma ya mdomo, si kwenye sanduku la sauti kama baba, kwa hiyo usiyabebe yote kama yalivyo. Ila hesabu ya wiki 12 huku kwetu tunaifuata kwa sababu hiyohiyo.

Na sisemi msubiri mwaka. Kadiri miezi inavyokwenda shingo iliyochomwa inakakamaa kama ngozi ya ngoma, daktari anapata shida kukata na kidonda kinapata shida kufunga. Mpimeni kwa wakati wake. Kinyama kikisema saratani ipo, hapo msilaze damu, apasuliwe haraka. Na kama iliyobaki ni tezi peke yake, anatolewa tezi na sauti anabaki nayo. Wewe unataka kulipia kutolewa koo zima kwa kuhisi.

Kijana wa Uyole: Sista nakuheshimu, lakini yule ni bingwa na amemwona kwa macho. Wewe hujamwona.

Binti Ipogolo: Mimi mama yangu alitolewa sanduku la sauti, Iringa hapa tunaishi naye. Kwake ugonjwa ulirudi na kinyama kilithibitisha, hatukuwa na njia nyingine, na namshukuru Mungu yupo. Ila usikubali mtu akwambie ni operesheni ndogo. Anapumua kwa tundu la shingoni maisha yake yote. Asubuhi namsafishia makohozi yaliyoganda, natumia maji ya chumvi yaliyochemshwa na kitambaa laini. Kiangazi vumbi likipuliza anaziba kwa kitambaa, na kuoga anaoga ameinama ili maji yasiingie. Kwa kuwa alichomwa mionzi kabla, mshono ulichelewa kufunga, siku moja tukampa maziwa kidogo yakatokeza shingoni. Walimrudisha wakamwekea nyama ya kifuani. Alikula kwa mpira wa puani muda mrefu. Akinihitaji anagonga kikombe kwa kijiko, nikisikia kikombe nakwenda.

Mzee wako amekubali haya?

Jicho la Kabwe: Wakuu mnahangaika bure, hii chai tena ya maziwa. Someni uzi wake wa mwezi wa pili, alikuwa anauza pikipiki. Aliandika mwenyewe "mimi yatima, baba alishafariki, nauza kwa shida". Leo baba kafufuka ana saratani. Subirini, kesho analeta namba ya kuchangia.

Mwana Mafinga: Duh! Mimi nilianza kuhisi kwenye shamba la Isyonje.

Dereva wa Kitonga: Na mimi nimesimulia mpaka ya kanga! Mtoa mada jibu.

Kijana wa Uyole: Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Aliyenizaa alifariki 2009, nipo darasa la tano. Huyu ni baba mkubwa. Alinichukua msibani palepale, akanisomesha na wanawe, viatu vyangu na vyao ananunua siku moja. Mimi simwiti jina lingine. Shamba ni la marehemu, fungu langu, hakuna niliyemdhulumu.

Mama Rungwe: Jicho la Kabwe umesikia? Mwombe radhi mwenzio.

Jicho la Kabwe: Kama ni hivyo samahani. Matapeli wamezidi.

Sista wa Wodi: Ana wanawe. Wao wanasemaje?

Kijana wa Uyole: Dada yangu mkubwa yuko Tunduma. Yeye ndiye anayesema tusubiri kliniki ya Dar. Tarehe ya upasuaji sijamwambia.

Binti Ipogolo: Na mzee mwenyewe? Umekwepa swali langu.

Kijana wa Uyole: Anajua anatolewa uvimbe. Habari ya sauti hajui. Ni mwalimu wa kwaya Moravian tangu sijazaliwa. Nilitaka akizinduka akiwa mzima ndipo tumweleze. Nilimzika mmoja, jamani, wa pili sitaki. Ndiyo sababu naharakisha.

Binti Ipogolo: Kaka yangu, nakuelewa sana. Lakini mama aliposaini alikuwa anajua, na wiki nzima kabla ya hapo aliimba nyumbani, nikamrekodi kwenye simu. Mtu akizinduka hana sauti na hakuambiwa, hata kuuliza kwa nini hawezi. Usimfanyie hivyo.

Mama Rungwe: Mwambie mwanangu. Wazee wana moyo kuliko mnavyodhani.

Sista wa Wodi: Wakati mnasubiri msilale. Akianza kupumua kwa mluzi, au akishindwa kulala chali, au akitema damu, mkimbize Rufaa saa hiyohiyo, wiki 12 hazihusiki tena. Kivimbe kikikua msingoje tarehe, pigeni simu Ocean Road. Apimwe homoni ya thairoidi, mionzi ya shingo huishusha na kidonda hakiponi vizuri ikiwa chini. Asing'olewe jino bila kumwambia daktari kwamba alichomwa. Ale, uzito usishuke. Na sigara hata ya kuonja hapana.

Kijana wa Uyole: Nimesoma yote. Nimepiga hospitali nimeahirisha mpaka majibu ya kliniki ya Dar. Kianzio wanataka kukata sehemu, tunavutana. Dada nimemwambia, amenifokea, anapanda gari Jumamosi ili tumweleze mzee tukiwa wote. Mluzi hana, analala chali. Sista, hicho kipimo cha thairoidi anatakiwa kwenda bila kula?

Sista wa Wodi: Hapana, mpe uji wake kwanza. Nendeni na karatasi zote za mionzi.