Droni yenye kamera safarini Ujerumani: nijisajili wapi?

Mpigapicha wa Nyali:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mpwa wangu anaoa mjini Köln, nami nimeombwa kupiga picha za angani siku ya harusi. Droni yangu ina gramu 249 na nimeisajili hapa Kenya kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Nitashukia Amsterdam, nikae kidogo kwa dada bila kurusha chochote, kisha nipande treni hadi Köln. Wakati wa kurudi ninapanga kupitia Kairo nikaone piramidi. Je, usajili wa Kenya unatambulika huko? Ikiwa hautambuliki, nijisajili Uholanzi ninakoshukia au Ujerumani kwenye shughuli yenyewe? Tena nimeambiwa kwamba droni isiyofika gramu 250 haidaiwi usajili.

Rubani wa Bonn:
Waaleikum salaam, kaka. Aliyekuambia hivyo amekupa nusu ya habari. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2020, droni ndogo yenye kamera inamlazimu mwenyewe kujisajili hata kama ni nyepesi, isipokuwa iwe imetengenezwa kama mchezo wa watoto. Nimesema mwenyewe kwa makusudi, kwa sababu anayesajiliwa ni mwendeshaji, na namba moja utaibandika kwenye droni zako zote.

Usajili wa Kenya hautambuliki huku, wala vyeti vya urubani vya huko. Mgeni hujisajili katika nchi ya kwanza ya Umoja atakayorushia droni, si ile anayoshukia. Kwa hiyo Uholanzi haikuhusu, na mlango wako ni mamlaka ya anga ya Ujerumani, yaani Luftfahrt-Bundesamt. Ukishapata namba hiyo, inakubalika katika nchi zote za Umoja. Utakapoipokea utaona herufi tatu za mwisho baada ya kistari: hizo ni siri yako, usiziandike kwenye kibandiko.

Nafuu ya uzito ipo, lakini iko kwenye mtihani. Droni yenye alama ya C0, yaani daraja la Ulaya la droni nyepesi kabisa, haimdai rubani mtihani, bali asome tu kitabu cha maelekezo. Hivyo itazame yako kama ina alama hiyo. Ukiweka ile betri kubwa inayoupandisha uzito kupita gramu 250, nafuu hiyo inakutoka. Bima ya kufidia hasara kwa watu wengine ni lazima Ujerumani kwa droni ya uzito wowote, na hati yake lazima iseme wazi kwamba inahusu droni, tena nje ya Kenya.

Mpigapicha wa Nyali:
Ahsante sana. Kwa vile mpwa hanilipi, kuna tofauti yoyote? Na je, naweza kuwapiga picha maharusi mbele ya Kanisa Kuu?

Rubani wa Bonn:
Malipo hayabadilishi kitu katika kanuni za Ulaya. Marekani ndiko wanakotenganisha anayejifurahisha na anayefanya kazi. Kinachobadilisha mambo ni watu na mahali. Huruhusiwi kabisa kupita juu ya mkusanyiko wa watu, na wageni wa harusi waliosongamana uwanjani ni mkusanyiko. Juu ya makazi ya watu, droni yenye kamera inahitaji ridhaa ya wenye nyumba. Kanisa Kuu nalo liko ubavuni mwa kituo kikuu cha treni na karibu na mto Rhein, na Ujerumani ina masharti ya pekee kwa eneo la meta 100 kutoka reli na njia kuu za maji. Fungua ramani ya serikali iitwayo dipul kabla hujamwahidi bwana harusi lolote. Mimi ningetafuta shamba nje ya mji, nirushe chini ya meta 120, droni ikiwa machoni pangu muda wote.

Mama Mizigo:
Naongezea la Kairo, maana ndilo linalonitia hofu kuliko Köln. Sheria ya Misri namba 216 ya mwaka 2017 inakataza kuingiza, kumiliki au kutumia droni bila kibali cha Wizara ya Ulinzi. Ukitoka uwanja wa ndege kwenda piramidi na droni begini, umeiingiza nchini, hata usipoirusha. Mwanangu, ama ubadilishe njia ya kurudi, ama droni ibaki Köln kwa mpwa wako.

Betri za akiba zisiwekwe kwenye mzigo unaokabidhiwa. Zibebe mkononi, ncha zake za umeme zikiwa zimefunikwa kwa utepe. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hazihitaji idhini ya shirika la ndege, na za droni yako ziko chini sana ya hapo. Na kabla ya kuondoka Mombasa, waombe watu wa forodha waandike namba ya droni yako, ili ukirudi usidaiwe ushuru kama aliyenunua ng'ambo. Karatasi hiyo ikae pamoja na kibali cha KCAA.