Tupeane uzoefu: umewahi kudharauliwa Malindi hapa kisa umeokoka?

Wadau, habari za jioni. Nimeamua niulize maana nimechoka kujichekesha kila nikitaniwa. Nasali kanisa dogo la mabati huku Muyeye. Zamani utani ulikuwa wa kawaida, unaitwa mtumishi, ukinunua mahamri unaambiwa yaombee kwanza. Lakini tangu ile Aprili 2023 walipoanza kufukua miili msitu wa Shakahola, ya wale waumini wa Pasta Mackenzie wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka wafe, maneno yamebadilika kabisa, siku hizi nikikataa chai tu kazini mtu anapaza sauti, "huyo ashaanza, mwangalieni!" na wote wanaangua kicheko. Zaidi ya watu 400 walifukuliwa kule, watoto wakiwemo, maiti zikakaa mochari ya mji huu huu mpaka 2024 ndio familia zikaanza kupewa watu wao baada ya vipimo vya DNA, halafu mtu anafanya hicho ndio kichekesho cha saa nne. Sasa wenzangu mnajibu ama mnanyamaza? Waislamu pia karibuni, ila tusitupiane aya tafadhali.

Tuktuk Barani: Mimi nyuma ya tuktuk nimeandika Yesu ni Jibu. Kuna mama aliweka mguu ndani, akasoma, akautoa, eti yeye hapandi gari la Shakahola. Steji nzima ilicheka, na tangu hapo naitwa kwa jina la yule pasta. Maandishi sifuti ng'o. Halafu cha ajabu hao hao wanaonicheka, bibi akishikwa na uchungu saa nane usiku, simu ya kwanza ni yangu maana wanajua mimi sijalewa 😂

Mgema Mstaafu: Nyinyi mnataniwa na watu baki, mimi ni nyumbani kwetu kabisa, upande wa Marafa. Nilikuwa nagema, nilipookoka nikaacha minazi. Basi siku ya matanga ya shangazi mboko, kile kibuyu cha uchi yaani tembo la mnazi, ikazunguka ikafika kwangu nikaipitisha bila kunywa. Baba mdogo akaiweka chini, akaniangalia, akasema mbele ya wakwe, "Fizi yako ililipwa na uchi wa mnazi, leo unakunukia?" Mnajua kilichoniuma? Ni kweli ililipwa na mnazi, sikuwa na la kujibu. Akaongeza kuwa nikifa nisubiri hao wa kanisa waje wanichimbie. Kwa Mgiriama hilo si neno dogo jamani. Tangu siku hiyo kukiwa na msiba nafika mapema kuliko wote, nashika jembe nachimba kaburi, napasua kuni, nachota maji, mboko ikija naipitisha tu. Baba mdogo hajanisifu hata siku moja lakini msiba ukitokea ananitumia mtoto. Na kuna mapasta wanaosema mtu aliyeokoka asiende matanga yenye mnazi, hao nao siwaelewi, utamhubiria nani, minazi?

Bint Shela: Mimi Muislamu. Kaka yangu alikuwa anamkejeli jirani yetu kwa hayo hayo ya Shakahola, nikamuuliza, wewe ukipanda basi la Nairobi na kanzu yako begi likapekuliwa mara tatu mwenzako hata kuguswa haguswi, unajisikiaje? Akanyamaza. Siwezi kusema amekuwa malaika lakini kwa jirani ameacha.

Hoteli Casuarina: Huku kwetu ni vijana wa bichi, eti nafuata dini ya Vasco da Gama, kisa ule mnara wake uko hapo na alifika 1498. Sikatai Wareno walipita, kile kikanisa chao cha karibu na bahari kipo mpaka leo, na Mtakatifu Francis Xavier alitia nanga Malindi 1542 akielekea India. Ila Ethiopia hapo juu walikuwa Wakristo tangu karne ya nne, Wareno hata meli za kufika huku hawana, sasa huyo mzungu wa kuwaletea ni yupi? Nikiwaambia hivyo wanarukia mambo mengine. Wadharau lakini wasome kwanza.

Mama Kwaya: Nitasema lisilopendeza. Dharau nyingine tumejitakia. Kuna wakati tulikuwa tunashindana nani kafunga siku nyingi, na ukimuuliza mtumishi swali unaambiwa una roho ya ubishi. Kwetu sasa mfungo unaisha saa tisa alasiri, mjamzito, mtoto na mwenye dawa hawafungi, na inatangazwa mbele ya wote, asiyetaka aondoke. Mume wangu hasali, alikuwa akiniona natoka kwenda kesha ananiuliza nimeacha wosia wapi. Sikumjibu kwa maneno, nilimwambia twende akae nyuma asikilize. Alikuja, akasinzia, akakoroma mpaka mashemasi wakacheka. Ila swali la wosia sijalisikia tena.

Tuktuk Barani: 😂😂 mumeo namjua, anakoroma hata kwenye tuktuk.

Mwanzisha mada: Mama Kwaya, hilo la saa tisa nitalipeleka kwa wazee wetu wiki hii, wakikataa nitarudi hapa kusema. Na la chai nimeamua, mtu akipaza sauti namuuliza mbele ya wote kama ana ndugu yake aliyefukuliwa kule. Maana pale kazini yuko mmoja anaye, huwa anainuka anaenda chooni wenzake wakianza kucheka, na sidhani kama wanajua.