DVD za Deep Space Nine na ziara ya Paramount, kuna cha maana?

NyotaYaKusini
Wakuu habari zenu. Mwezi ujao ofisi inanituma Los Angeles kwenye semina na wikiendi ntakuwa huru, kwa hiyo nataka niende studio ya Paramount pale Melrose nikaone walipokuwa wanashutia Star Trek, zile tamthilia za safari za anga za juu, na hukohuko ninunue seti nzima ya DVD za Deep Space Nine (DS9), mojawapo ya tamthilia hizo, misimu yote 7. Kwenye ile ziara ya studio kuna seti yoyote ya kushutia imebaki, hata mlango tu? Halafu jamaa zangu wananicheka eti DVD zama hizi, si ustrimu tu au usubiri Blu-ray. Bei ya bando mnaijua wenyewe. Mliowahi kufika au mnaokusanya nisaidieni.

mzee_wa_melrose
Mkuu niko huku huku LA, seti hakuna. Enterprise, tamthilia nyingine ya Star Trek, ilivyoisha 2005 wakabomoa, mwaka uliofuata Christie's wakapiga mnada New York, magwanda, silaha, mpaka modeli za meli, ile ya Enterprise-D, meli ya tamthilia ya The Next Generation (TNG), peke yake ilienda kwa dola 576,000. Siku hizi wanawazungusha na kigari, mnaona geti la Bronson, mitaa feki ya New York na yale maegesho ambayo wakiyajaza maji yanageuka bwawa, nyuma kuna ukuta mkubwa umechorwa mawingu, nyangumi wa filamu ya Star Trek ya 1986 walishutiwa hapo. Steji 8 na 9 za TNG utaziona kwa nje, namba ukutani basi. Muulize mwongozo akuonyeshe upande wa Gower maana hapo ndo ilikuwa Desilu, studio ya Lucille Ball yule mama wa vichekesho, Star Trek ya kwanza ilianzia kwake kabla hawajauza 1967 na studio ikaunganishwa na Paramount.

Ila ukiniuliza mimi bora ukodi gari uende Vasquez Rocks kule Agua Dulce, kuingia bure, ndo yale mawe Kapteni Kirk wa Star Trek ya kwanza alipigana na yule mjusi Gorn na unayapanda mwenyewe kwa miguu yako. Na kile Chuo cha Starfleet cha maafisa wa meli za anga walikishutia kwenye bustani ya Kijapani Van Nuys, iko kwenye mtambo wa maji taka, usicheke. Angalia kwanza kama iko wazi.

DekiMbovu
Nunua, achana nao hao jamaa. DS9 haina Blu-ray ya kusubiri. Hizi tamthilia zilipigwa kwa filamu ya mm 35 lakini wakaunganisha kwenye mkanda wa video, kwa hiyo TNG ili itoke safi walirudi kwenye negativu wakaunganisha upya shoti moja moja na madoido wakayatengeneza upya, kazi ya 2012 mpaka 2014, gharama kubwa na mauzo hayakuridhisha, hamu ya kuendelea na DS9 na ile tamthilia nyingine, Voyager, ikaishia hapo. Hata ukistrimu unaletewa picha ileile ya mkanda, tena unalipia kila mwezi.

Cha kuangalia ni rijoni, yaani namba ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa isomeke. Marekani ni 1, Uingereza 2, sisi tumepangiwa 5. Hizi deki za Kariakoo nyingi zinasoma zote, lakini nenda na diski ya Marekani ujaribu palepale dukani kabla hujatoa hela. Halafu za Marekani ni NTSC, mfumo wa picha wa huko ambao si wetu, flati skrini haina shida, ila kama sebuleni bado kuna chogo Kapteni Sisko wa DS9 atatokea hana rangi.

Maze_Warp9
Buda kama ungepata siku zingine ungeenda Ticonderoga, iko New York lakini si ile New York City, ni mbali kabisa juu huko. Kuna msee alijenga seti zote za Star Trek ya kwanza akifuata ramani za studio, unaingia kwa ile chumba ya kuongozea meli unakalia kiti ya kapteni. Hata ile koridoo iko, kwa episodi ya kwanza kuonyeshwa 1966 Uhura, yule dada wa mawasiliano ya meli, anabonga Kiswahili hapo na yule mnyama wa kunyonya chumvi. Mimi hio Paramount singelipia, ni ukuta tu unaangalia.

mzee_wa_melrose
@Maze_Warp9 ukuta wenyewe una historia bwana, asiache.

NyotaYaKusini
Asanteni sana, Jumamosi Paramount, Jumapili mawe. Sasa mzigo, nina kilo 23 tu, nitoe diski niweke kwenye pochi ya CD maboksi niyaache?

DekiMbovu
Thubutu! Seti bila maboksi siku ukitaka kuuza nani atagusa. Acha nguo.