Boxer 150 nimeweka egzosi mpya, sasa inapiga mabomu na inachemka nikishuka Kisumu

piki_kaptembwa
Habari zenu wadau. Niko Nakuru, niko na Boxer BM150, si ya kubeba abiria, ni yangu ya kuenda nayo kazi na mara mbili kwa mwezi nateremka Kisumu kuona wazazi. Juzi nilinunua egzosi fupi ya wazi, fundi akatoa na boksi ya hewa akaweka ile filta ya koni akaniambia sasa uko na mashine. Na kweli hapa Nakuru ilikubali, sauti nzito, inavuta. Balaa ilianza siku ya kuenda nyumbani. Kupanda Mau Summit hakuna neno, Kericho sawa, lakini nikishamaliza mteremko niko kwa ile tambarare ya Ahero nikiishika 80 inaanza kukata nguvu kama mtu amefunga mafuta, nikiachilia gesi inapiga pa! pa! huko nyuma watu wanageuka kuangalia. Kufika Nyamasaria nikasimama, bomba pale linapotokea kwa hedi (kichwa cha injini) lilikuwa limegeuka bluu na manjano. Kromu mpya hata mwezi haijamaliza. Iliniuma sana.

Nirudishe kila kitu ama kuna dawa? Nilikuwa nimepanga pia kuweka pistoni kubwa na kupaka tangi nyeusi ya mat. Naipenda hii piki, sitaki kuiua.

fundi_kibuye
Pole ndugu yangu. Piki yako haina ugonjwa, iko na njaa. Umefungua pa kuingilia hewa na pa kutokea moshi lakini jeti ya kabureta, kale katundu ka kupitisha petroli, ni ile ile ya kampuni, kwa hivyo hewa ni mingi na petroli ni kidogo, na mchanganyiko wa hivyo unachoma kwa joto kali. Hiyo bluu ya kromu ndiyo ushahidi. Ukiendelea hivyo utatoboa pistoni ama uchome vali ya moshi, na mimi hizo nimefungua nyingi hapa.

Sasa kwa nini Nakuru ilikubali? Nakuru iko kama mita 1,850 juu, hewa ni nyepesi. Kisumu ni kama 1,130. Kila ukiteremka hewa inakuwa nzito, injini inavuta oksijeni zaidi na petroli ya jeti haiongezeki kwa kiasi hicho. Kwa hivyo kile kidogo kilichokuwa kinatosha huko juu huku chini hakitoshi. Fundi wako aliiseti kwa masikio akiwa Nakuru, hiyo ndiyo makosa.

Fanya hivi. Toa plagi safisha, irudishe, endesha kilomita kadhaa ukiwa umefungua gesi vizuri kisha zima injini HAPO HAPO ukivuta klachi, usiache irindime, ngoja ipoe utoe plagi uangalie ule udongo mweupe wa katikati. Ukiwa mweupe kama chokaa, mafuta ni kidogo. Kahawia ya chai ya maziwa, uko sawa. Nyeusi ya masizi, umezidisha. Kisha fungua bakuli la kabureta, jeti kubwa iko na namba imechapwa kwa kichwa, panda hatua moja, jaribu, angalia plagi tena. Na ufanyie huku chini Kisumu. Afadhali huko Nakuru iwe imeshiba kidogo kuliko huku ichome.

Yale mabomu ukiachilia gesi, angalia gasketi ya egzosi pale kwa hedi. Paka maji ya sabuni injini ikiwa baridi, iwashe, ukiona mapovu hapo panavuja, hewa inaingia inakutana na petroli haijaungua ndani ya bomba.

boda_wa_webuye
Kuongezea fundi: rudisha boksi ya hewa kaka. Ile koni ikinyeshewa inavuta maji na vumbi la murram linapita, silinda inakwaruzika. Egzosi baki nayo lakini weka kile kizibo cha ndani cha kupunguza sauti, sheria ya kelele ya NEMA, wale wa mazingira, iko tangu 2009 na majirani wako na watoto wamelala.

Pistoni pole pole. Boxer silinda ni upana wa milimita 56 na pistoni inatembea 58.8, hiyo ndiyo 144.8 cc. Ukitia ya 62 unafika kama 177, lakini lazima mdomo wa bloku utanuliwe kwa mashine, joto linapanda, klachi inaanza kuteleza. Kama unataka tu mbio kwa barabara ya Ahero, ongeza jino moja kwa sproketi ya mbele.

dada_wa_spray
Mimi ni wa rangi, niko Nakuru. Tangi usipake kopo la kawaida peke yake, petroli ikimwagika wakati wa kujaza rangi inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Piga msasa 400, praima, msasa 800, rangi, halafu klia ya mat, ile ya juu isiyo na rangi, ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuikausha iwe ngumu. Vaa maski ya kemikali, ile moshi ya hadina inaharibu mapafu. Na ukibadilisha rangi peleka kwa NTSA, wale wa usajili wa magari, logbook imeandikwa rangi.

Ile bluu kwa kromu, polishi inaipunguza ikiwa haijaingia ndani, lakini rekebisha jeti kwanza ama itarudi.

piki_kaptembwa
Nimerudi. Plagi ilikuwa nyeupe kabisa, fundi uliona kutoka mbali. Boksi nimerudisha, gasketi ilikuwa imepasuka upande mmoja nimeweka mpya, jeti nimepanda hatua mbili nikiwa Kisumu. Jana nimetoka Ahero mpaka Awasi nikiwa 80 haijakata hata mara moja, mabomu yameisha, plagi iko kahawia. Pistoni nimeacha. Jumamosi natoa tangi, dada klia nichanganye vipi na hadina?

dada_wa_spray
Nyingi ni klia mbili kwa hadina moja, lakini soma kopo lako. Na umwage petroli yote kabla ya kugusa msasa, uache tangi wazi usiku mzima nje ya nyumba.