Macbeth: je, uchu wa madaraka ulikuwa wake mwenyewe?

Mdadisi wa Tanzia
Ndugu wanajukwaa, nimeisoma upya Macbeth, tanzia ya Shakespeare juu ya jemadari wa Uskoti anayemwua mfalme wake ili atawale, safari hii katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, na kuna jambo ambalo naomba tulijadili. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kilichomwangamiza shujaa huyu ni uchu wa madaraka. Hata hivyo, kila ninapoitazama sehemu ya kwanza naona watu wanne wakimsukuma: wachawi watatu wanaomtabiria ufalme, na mkewe anayemkejeli kwamba si mwanamume mpaka amwue Mfalme Duncan. Ikiwa ndivyo, je, tunaweza kusema kwamba tamaa hiyo ilikuwa yake?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mdadisi, wachawi hawakumwambia aue. Walimwita bwana wa Glamis, bwana wa Cawdor na mfalme wa baadaye, basi. Banquo, jemadari mwenzake, alikuwa amesimama papo hapo, akaambiwa kwamba atazaa wafalme ingawa yeye mwenyewe hatatawala, naye akaenda zake asimguse mtu. Wazo la kuua linamjia Macbeth palepale njiani, mara tu anapopata habari kwamba amepewa cheo cha bwana wa Cawdor, kabla hajaonana na mkewe. Tena anajijua vizuri mno. Katika onyesho la saba la sehemu ya kwanza anazitaja sababu za kutomwua Duncan: ni mfalme wake, ni jamaa yake, ni mgeni aliyefikia nyumbani mwake, na ni mtawala mpole, kisha anakiri kwamba hana kinachomchochea isipokuwa tamaa inayojirusha juu kupita kiasi hata ikaangukia upande wa pili. Mtu aliyedanganywa hajielezi kwa uwazi namna hiyo.

Kipaza Sauti
Hoja ya Banquo naikubali, ila naona tamaa inaeleza mwanzo tu wa mkasa huu. Macbeth alipata alichokitaka mapema: sehemu ya tatu inapoanza amekwisha kutawazwa kule Scone, mahali walipotawazwa wafalme wa Uskoti, na zaidi ya nusu ya tamthilia bado iko mbele yetu. Kuanzia hapo kinachomwendesha ni hofu ya kupoteza. Anaagiza Banquo auawe kwa sababu utabiri uliwapa uzao wake kiti, lakini Fleance, mwana wa Banquo, anaponyoka, kwa hiyo damu imemwagika na hofu iko palepale. Baadaye, Macduff, bwana mwingine wa Uskoti, anapokimbilia Uingereza, Macbeth anawatuma watu wakamchinje mkewe na watoto wake, ambao hawakuwa na dai lolote juu ya taji. Mauaji hayo hayamwongezei cheo wala usalama. Yanampa Macduff sababu ya kurudi na upanga. Yule aliyesitasita usiku kucha juu ya Duncan sasa anaapa kwamba kila litakalomjia moyoni litatendwa papo hapo.

Binti Mwambao
Naomba nimtetee Bibi Macbeth kidogo, ingawa najua utetezi wenyewe ni mgumu. Alidhani wanafanya tendo moja, wanawe mikono kwa maji kidogo, kisha watawale. Hata usiku ule alishindwa kumchoma kisu Duncan kwa mkono wake, kwa kuwa mzee huyo usingizini alifanana na baba yake. Mpango wa kumwua Banquo mumewe alimficha. Katika sehemu ya tano, anayetembea usingizini akijisugua damu isiyoonekana ni mwanamke aliyekwisha kuachwa peke yake na mtu ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kupanda cheo.

Msoma Kumbukumbu
Wenzangu, hilo la Banquo lina historia yake. Macbeth wa kweli alitawala Uskoti tangu 1040 hadi 1057, na Duncan aliuawa vitani, si kitandani. Katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambacho Shakespeare alikitumia, Banquo anashiriki njama ya kumwua mfalme. Lakini tangu 1603 kiti cha Uingereza kilikaliwa na Mfalme James, ambaye ukoo wake ulidai kutokana na Banquo huyo, na haingefaa babu wa mfalme aonekane jukwaani na kisu. Banquo akasafishwa, na Macbeth akabaki bila mshirika wa kiume wa kugawana naye hatia. Kwa hiyo, Mwalimu, shahidi unayemtegemea aliandaliwa na mwandishi mwenyewe.