Naomba ushauri: nianze na Kiarabu au Kijerumani?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za baridi ya Iringa.

Ni mhadhiri msaidizi wa historia katika chuo kimoja hapa mjini. Nina uzamili, na bila uzamivu sipandi kuwa mhadhiri. Nataka kuandika jinsi Uislamu ulivyoenea Uhehe baada ya kifo cha Mkwawa mwaka 1898: askari na wafanyabiashara waliofuatana na boma la Mjerumani, hadi ile barua ya Makka ya 1908, waraka uliosambazwa ukidaiwa kutoka Makka na kuwahimiza Waislamu washike dini, uliowatia watawala hofu. (Wengi hudhani Uislamu uliishia pwani; nimechoka kubishana.)

Kikwazo ni lugha. Faili za Wajerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na nyingine Berlin. Nyingi ni za mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo unawashinda. Huku nyumbani, wazee wawili wamenionyesha karatasi za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Madrasa nilisoma utotoni, herufi nazijua, ila nasoma kwa kusuasua. Kijerumani nimejifunza kwenye simu miezi minne, nimeishia kwenye salamu. Profesa niliyemwomba anisimamie alijibu mstari mmoja tu: nianze na lugha. Ipi, hakusema.

Mliopita njia hii, kwa mtu mwenye vipindi kumi na viwili kwa wiki na mshahara mnaoujua, nianze na ipi? Na je, mahojiano na wazee yanaweza kubeba tasnifu ikiwa faili za Kijerumani nitasomewa na mfasiri?